THQ: kampuni ya gemu za mieleka tuliyoikuta kila banda la gemu, na oda moja iliyoimaliza (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi (Chang'ombe, Dodoma)

Wakuu, salamu kwenu. Kama umekulia Dodoma mjini, na miaka ya 2000 ulikuwa ukitumwa sokoni Majengo unarudi giza limeingia, najua ulikuwa wapi. Ulikuwa bandani. Na kama ulikuwa bandani, kuna herufi tatu ulizikariri kabla hujajua maana yake: T, H, Q. Kila CD ya mieleka ikiwashwa zilitokea kwenye TV, benchi zima linanyamaza kusubiri kuchagua mtu wake. SmackDown ya kwanza ya mwaka 2000 kwenye PS1, halafu ile Here Comes the Pain ya 2003 kwenye PS2. Nimeona watu wakigombana kweli kwa sababu ya gemu hizo, na nimeona wakipatana.

Mimi nilianza nikiwa mteja, nikawa mkaa banda wa mtu, leo nina banda langu la TV tano. Juzi kijana mmoja ameniuliza mbona gemu za mieleka siku hizi zinaandika 2K, ile THQ iko wapi. Nikamwambia ilifilisika. Akasema, "Ilifilisikaje wakati kila mtu alikuwa anaicheza?" Wakati ule bandani kulikuwa na wateja wengi wa kuhudumia, sikumjibu. Swali lake limenikaa kichwani siku tatu, nimeona bora nilijibu hapa.

Kwanza tuelewane. Mchapishaji wa gemu si lazima awe ndiye fundi anayeitengeneza. Mafundi wako studio. Mchapishaji ndiye anayetoa hela, anayelipia haki za majina, anayechapa CD, anayetangaza na kusambaza madukani. Gemu zile za mieleka kwa mfano zilitengenezwa na Wajapani wa Yuke's. THQ ilikuwa mwenye mtaji na mwenye mkataba.

Ilianza Marekani mwaka 1990, jina likiwa kifupi cha Toy Headquarters, yaani makao makuu ya vitu vya kuchezea watoto. Mwanzilishi, Jack Friedman, alikuwa mtu wa biashara ya midoli. Baadaye wakahamia gemu moja kwa moja, na mbinu yao kubwa ilikuwa kukodi majina. Wanalipia haki za katuni, filamu au mieleka, wanatengeneza gemu yake, mzazi akipita dukani anaona sura ambayo mtoto wake anaijua, ananunua. SpongeBob walikuwa nayo, filamu za Pixar walikuwa nazo. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2008 mauzo yao yalivuka dola bilioni 1. Tarehe 19 Desemba 2012 wakaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Hata miaka mitano haikutimia.

Katikati hapo kulikuwa na makosa mengi, lakini kuna moja ambalo mimi kama mtu wa banda nalielewa mpaka kwenye mifupa.

Novemba 2010 walitoa kitu kinaitwa uDraw. Ni kibao cha plastiki na kalamu yake. Unakiunganisha na Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, mtoto anachora pale, picha inatokea kwenye TV. Bei dola 70. Kikauzika vizuri, zaidi ya vibao milioni 1, na haikuwa bahati. Wii ilikuwa mashine ya sebuleni, ya mama na watoto na bibi. Kibao cha kuchorea kilifika nyumbani kwake.

Sasa viongozi wakaona namba. Na namba ikiwa nzuri ina tabia ya kumfanya mtu aache kuuliza aliyenunua ni nani. Novemba 2011 wakatoa kibao hichohicho kwa ajili ya PlayStation 3 na Xbox 360, bei dola 80. Wakuu, wenye mashine hizo mnawajua. Ni vijana wa mpira na bunduki, ndio haohao wanaokaa kwenye benchi langu. Nani kati yao alikuwa anasubiri kibao cha kuchorea maua? Na hawakutoa vichache kujaribu. Wakazalisha kama vile wateja wa Wii wangehama na kuwafuata. Sikukuu za mwisho wa mwaka zilipopita, vibao milioni 1.4 vilikuwa vimebaki bila mnunuzi, na mauzo yakapungua kama dola milioni 100 chini ya walivyotarajia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwezi uleule, Novemba 2011, mafundi wao wa studio ya Volition walitoa Saints Row: The Third, na watu waliinunua kwa mamilioni. Mafundi walifanya kazi yao. Walichokileta mezani kikaenda kuziba shimo la plastiki.

Naendelea kwenye posti inayofuata. Kuna habari ya bosi wangu wa zamani ambayo lazima niiseme.

#2 Mdau wa Nkuhungu

Mkuu shusha, nimekaa hapa. THQ nilidhani ni jina la mchezaji.

#3 Mleta uzi

Miaka hiyo nilikuwa nakaa banda la mzee mmoja, jina lake naliacha, wala hakuwa mtu mbaya. TV nne, mechi moja shilingi 200 wakati ule. Siku moja akaja na usukani wa gari na pedeli zake kutoka Kariakoo, tukaufunga kwenye TV moja. Banda lilikuwa karibu na kituo cha daladala, kwa hiyo wapiga debe na makonda ndio walikuwa wateja wetu wa mchana. Wale jamaa walikuwa wanaota udereva. Usukani ukapata foleni kuliko mpira. Mzee alikuwa akipita jioni anahesabu hela anacheka peke yake.

Akafungua mabanda mengine mawili, moja upande wa Chuo Kikuu, na akanunua sukani kumi. Nilimfuata nikamwambia, "Mzee wangu, wale wa chuo wanataka mpira, wanashindana bweni kwa bweni, hawatakaa kuendesha gari peke yao." Alinitazama kwa muda, halafu akasema, "Wewe kazi yako ni kukusanya mia mbili mbili. Biashara niachie mimi." Aliyasema mbele ya wateja.

Sukani zile zilikaa juu ya kabati zikiwa na vumbi mpaka banda la chuo likafungwa. Likafuata la pili. Mwisho akauza na TV za lile banda la kwanza kulipa deni la sukani. Mimi nikakosa kazi kwa kosa nililoliona linakuja.

Ndiyo maana niliposoma habari za vibao vya THQ sikuona kampuni ya Marekani. Niliona lile kabati.

Hasara ile mtu anaweza kuisamehe, biashara ni kubahatisha. Mimi naumia pale mtu anayejua mteja anafanana vipi anapoambiwa akae kimya, na anayeambia wenzake wanyamaze ndiye aliye mbali na mteja kuliko wote.

#4 Mdau wa Mtumba (mhasibu)

Kaka, pole kwa yaliyokukuta. Naomba niongeze upande wa vitabu, kwa sababu hapo kwenye vibao milioni 1.4 kuna kitu wengi hawakioni.

Kwenye biashara ya gemu za madukani, mchapishaji akishapeleka mzigo kwa muuzaji mkubwa anaandika kuwa ameuza. Hapo mteja wa mwisho bado hajagusa kitu. Mzigo ukidoda, duka linamrudia mchapishaji: ama chukua mzigo wako, ama nipunguzie bei na tofauti unifidie wewe, la sivyo gemu yako ijayo haitapata nafasi kwenye rafu yangu. Mchapishaji hana ujanja, anafidia. Kwa hiyo robo hii ya mwaka unafurahia mauzo, robo ijayo mauzo yaleyale yanakula hela zako. Anayesoma ukurasa wa kwanza wa ripoti anaweza kuamini kampuni inakimbia, kumbe inajikopesha kutoka kesho yake.

Mama yangu analima zabibu Mpunguzi. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikishakatwa haina muda wa kukusubiri. Mama hajawahi kukata zabibu kwa sababu msimu uliopita ziliuzika. Anapiga simu kwanza: gari linakuja? Mnunuzi ni nani, wa kiwanda cha mvinyo au wa sokoni? Kwa bei gani? Ndipo anakata. Plastiki haiozi kama zabibu, na nadhani hilo ndilo liliwadanganya. Thamani yake inaoza kwa kasi ileile.

#5 Mdau wa Kikuyu

Naheshimu uzi, ila naona mnawaonea. Kufilisika si lazima kuwe na kiburi. Baada ya 2008 uchumi wa dunia ulianguka, na gharama ya kutengeneza gemu moja ya PS3 ilikuwa imepanda mara kadhaa kuliko ya PS2. Wachapishaji wa kati walikufa wengi. Midway, wenye Mortal Kombat, walifilisika Februari 2009. Miezi michache kabla, tajiri Sumner Redstone aliuza hisa zake, asilimia 87 ya kampuni nzima, kwa dola 100,000 tu, aondokane na mzigo wa madeni. Hiyo haifikii hata bei ya nyumba ya kawaida kwa wenzetu. Sasa Midway nao walinunua vibao vya kuchorea? Na simu janja zilikuja zikachukua watoto. Hakuna bosi angeizuia simu.

#6 Mleta uzi

Mkuu wa Kikuyu, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Hasara ya THQ ilianza kabla ya kibao. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 walipoteza zaidi ya dola milioni 400. Ni kweli pia kwamba biashara ya katuni ilikuwa inakufa, mtoto aliyekuwa akinunuliwa CD ya SpongeBob sasa anapewa simu ya mama yake.

Ila hebu tazama tarehe. iPad ya kwanza iliingia sokoni Aprili 2010. Mtoto anachora juu yake kwa kidole, bila waya, bila TV. Kwa hiyo kufikia Novemba 2011 mzazi mwenye dola 80 za kumnunulia mtoto kitu cha kuchorea alikuwa na sababu ndogo sana ya kununua plastiki inayohitaji PlayStation. Simu na tableti ndizo zilizokuwa zinawaua, halafu wao wakaweka mtaji wao mkubwa mahali hasa ambapo tableti ilikuwa inapiga. Ukame si kosa la mkulima. Kupanda mpunga Kongwa mwaka wa ukame ni kosa la mkulima.

Na kuna dalili nyingine. Machi 2011 walitoa Homefront, gemu ya vita waliyotaka ishindane na Call of Duty. Walitangaza kwa fujo. Huko San Francisco wakati wa mkutano wa watengeneza gemu yalirushwa maputo mekundu 10,000 ya kuitangaza, mengi yakaangukia kwenye ghuba, watu wa mji wakaja juu kwa uchafuzi. Siku gemu inatoka, waandishi wakaipa alama za wastani, na hisa za THQ zikaanguka zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Gemu yenyewe ilinunuliwa na watu wengi. Lakini walikuwa wamewaahidi wenye hisa kitu kikubwa kuliko walichonacho mkononi. Miezi mitatu baadaye studio ya Kaos iliyoitengeneza ikafungwa.

#7 Mwalimu wa Mpwapwa

Vijana, niwarudishe nyuma kidogo, maana hili lina babu yake.

Atari, kampuni ya gemu ya Marekani, ilinunuliwa na Warner, kampuni ya filamu, mwaka 1976 kwa dola milioni 28. Baadaye ikawekwa chini ya Ray Kassar, aliyetoka kwenye biashara ya vitambaa. Mwaka 1979 mafundi wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walimfuata wakiwa na hesabu. Kwa simulizi ya Crane, gemu walizotengeneza wao wanne zilikuwa zinaleta zaidi ya nusu ya mauzo ya kaseti za gemu. Walikuwa wanalipwa mshahara wa kawaida, na majina yao hayakuandikwa popote. Waliomba jina na fungu dogo. Jibu walilopata, kwa kauli za hao mafundi, ni kwamba mtu yeyote anaweza kutengeneza kaseti, na kwamba wao si muhimu kuliko anayezifunga kwenye maboksi kiwandani.

Wakaondoka. Mwaka huohuo wakaanzisha Activision, na kila gemu wakaiwekea jina la fundi wake. Crane akatengeneza Pitfall! mwaka 1982, ikauza zaidi ya kaseti milioni 4, tena ikichezwa kwenye mashine za Atari hizohizo.

Atari yenyewe mwaka huo wa 1982 ilichapa kaseti milioni 12 za Pac-Man wakati mashine zilizokuwa majumbani zilikadiriwa milioni 10. Someni tena hapo. Kaseti zilikuwa nyingi kuliko mashine za kuzichezea. Kisha wakubwa wa Warner wakanunua haki za filamu ya E.T. kwa kiasi kinachokadiriwa dola milioni 20 hadi 25, na mazungumzo yakachukua muda mrefu kiasi kwamba fundi Howard Scott Warshaw alibakiwa na wiki 5 tu za kuitengeneza ili iwahi Krismasi. Gemu za wakati huo zilichukua miezi. Kassar mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba alimwambia mkubwa wake lile wazo ni la kijinga. Hata aliyewadharau wa chini yake alikuja kudharauliwa na wa juu yake.

Sehemu ya kaseti zilizobaki ilizikwa Septemba 1983 kwenye dampo la mji wa Alamogordo, New Mexico. Watu walibishana miaka 30 kama ni kweli, mpaka Aprili 2014 zilipofukuliwa. Mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500.

Nimefundisha miaka mingi. Mwanafunzi anayekosea kwa kutojua, najua jinsi ya kumsaidia. Mwanafunzi anayekosea huku mwenzake wa pembeni amemwonyesha jibu sahihi, na akalifunika kwa mkono kwa sababu mwenzake huyo anavaa viatu vilivyochanika, huyo ndiye amenishinda.

#8 Mdau wa Manyoni

Shikamoo mwalimu. Naomba nichomeke moja, ingawa hii kampuni haikufa. Mwaka 2013 Microsoft walipotangaza Xbox One walisema mashine lazima ijiunge na intaneti walau mara moja kila saa 24, la sivyo hutacheza. Watu wakauliza, tusio na intaneti ya uhakika je? Mkubwa wa kitengo, Don Mattrick, akajibu kwenye mahojiano kwamba kwa watu hao wanayo mashine tayari, inaitwa Xbox 360. Yaani baki na ya zamani.

Mimi niko Manyoni. Mwaka ule umeme ukikatika hapa ulikuwa unarudi ukijisikia. Niliposoma jibu lile niliona ananijibu mimi, kwa jina. Tarehe 19 Juni 2013 waliufuta ule utaratibu kwa kelele za watu. Lakini mimi nilishanunua PS3 ya mkono wa pili na sikurudi tena kwao.

#9 Mdau wa Nkuhungu

Swali bila nia mbaya. Sisi wote tulicheza CD za kuchoma. THQ hawakupata hata senti yetu. Tuna haki gani ya kuwalaumu?

#10 Mleta uzi

Swali la haki kabisa. Hatukuwalipa, ni kweli, na leo mwenye banda kama mimi nanunua diski halisi kwa bei inayouma. Lakini mimi sidai chochote kwa THQ. Nawasikitikia mafundi.

Niwape habari ya mafundi wa 4A Games waliokuwa Kiev, Ukraine, wakitengeneza Metro: Last Light kwa hela za THQ. Mei 2012 THQ ilimleta rais mpya, Jason Rubin, ajaribu kuokoa chombo. Baadaye alisimulia alichokikuta kule. Mafundi wamebanana kiwiko kwa kiwiko kwenye meza za kukunja, wamekaa viti vya kukunja vya harusi. Umeme unakatika. Vifaa vingine ilibidi vibebwe kwenye mabegi ya mgongoni kupelekwa, kwa ugumu wa forodha. Bajeti yao, kwa maneno yake, ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya wanaoshindana nao. Na juu ya yote, uongozi wa THQ uliomtangulia ulikuwa umewalazimisha waongeze sehemu ya kucheza watu wengi kwa mtandao, kitu ambacho gemu ya aina ile haikuhitaji. Rubin akakifuta. Gemu ilipotoka Mei 2013, THQ ikiwa imeshakufa, ilisifiwa.

Niliposoma habari ya vile viti niliweka simu chini. Hela za kuzalisha vibao milioni na ushee visivyo na mnunuzi zilikuwepo. Hela za viti hazikuwepo.

Mnada ulifanyika Januari 2013. Studio ya Relic ilichukuliwa na Sega kwa dola milioni 26.6. Volition ikaenda kwa Koch Media kwa milioni 22.3, na Metro ikaenda kwao hao kwa milioni 5.9. Mieleka ikahamia kwa Take-Two, wenye lebo ya 2K, na ndiyo maana, kijana wangu uliyeniuliza, leo unaona 2K.

#11 Mdau wa Ipagala

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimemaliza UDOM masomo ya kompyuta, na wenzangu wawili tunatengeneza kagemu ka simu ka bao. Tumepata mtu wa kutuwekea hela. Sharti lake tuongeze mambo ya kubeti ndani, anasema bila hivyo hakauziki. Tulikajaribu kwa wazee pale kijiweni, wanakapenda kalivyo. Nimesoma uzi huu tangu saa nne usiku, sijui nimjibuje.

#12 Mdau wa Mtumba (mhasibu)

Mdogo wangu, kabla ya kujibu chochote soma mkataba unasema jina na kazi ni mali ya nani mkiachana. Hilo kwanza, hata kabla ya kubeti. Ukitaka nitausoma nawe, bila malipo, jumamosi.

#13 Mwalimu wa Mpwapwa

Na huyo mwenye hela mpelekeni kijiweni. Akae na wale wazee saa nzima, aone mikono yao inavyocheza. Akikataa kwenda, mtakuwa mmeshajua mtakavyoishi naye. Hata akikubali, msiwawekee wazee wale kamari.

#14 Mdau wa Kikuyu

Mleta uzi, nakubali kwenye kibao. Kwenye Midway bado sikubali. Lakini umesema Volition ilinunuliwa. Basi mafundi wale walau walipona?

#15 Mleta uzi

Ningependa nikujibu ndiyo.

Kuna kampuni ya Ulaya inaitwa Nordic Games, ilinunua mabaki ya THQ mwaka 2013, kisha ikanunua na jina lenyewe. Mwaka 2016 ikajiita THQ Nordic. Mwaka 2018 ikainunua Koch Media, kwa hiyo Volition ikajikuta imerudi chini ya zile herufi tatu. Mwaka 2019 kampuni mama ikabadili jina kuwa Embracer Group, ikaendelea kununua studio kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Mwaka 2022 walinunua kundi la studio, ikiwemo ya Tomb Raider, kwa dola milioni 300. Nadhani ilifika mahali ndani ya ofisi hakuna mtu aliyeweza kuzitaja studio zote kwa kichwa.

Mpango wote uliegemea hela ambayo haijafika. Mei 2023 wakatangaza kwamba makubaliano makubwa, ya zaidi ya dola bilioni 2, yamevunjika. Hisa zikaporomoka. Kukata kukaanza. Volition ilikuwa imetoa Saints Row mpya mwaka 2022 na haikupokelewa vizuri, sitawatetea kwa hilo. Lakini tarehe 31 Agosti 2023 studio ikafungwa, baada ya miaka 30. Watu walewale walioleta Saints Row: The Third mwezi ule wa vibao. Ndani ya miezi michache, zaidi ya watu 1,300 wa kampuni zile walikuwa hawana kazi.

Ilinijia picha ya fundi mmoja wa pale, simjui, ambaye alinusurika 2013, akarudi kazini, akaweka picha ya watoto wake mezani tena, halafu miaka kumi baadaye anaambiwa afungashe. Mara zote mbili haulizwi kitu.

#16 Mdau wa Nkuhungu

Mkuu hapo umenigusa. Yule mzee wako wa sukani yuko wapi siku hizi?

#17 Mleta uzi

Yupo, Bahi, anafuga. Mwaka juzi alikuja bandani kwangu bila taarifa. Alikaa kwenye benchi la nyuma karibu saa mbili, anatazama vijana wanavyocheza, haongei. Wakati anaondoka aliniuliza, "Hawa wanapenda nini siku hizi?" Ni mara ya kwanza kuniuliza swali hilo tangu nimfahamu. Nikamweleza, tukasimama mlangoni mpaka daladala la mwisho likampita, ikabidi nimpeleke stendi kwa pikipiki.

#18 Mdau wa Manyoni

Mleta uzi, ile Here Comes the Pain unayo bado?

#19 Mleta uzi

Ninayo, na PS2 yake inawaka. Memori kadi ndiyo imekufa. Ukija Dodoma njoo na yako.